Jumamosi ya Chiriku

MAMA: Haloo? Nani mwenzangu?

BABA: Haloo. Ni mimi.

MAMA: Mimi wako wengi. Nani?

BABA: Usikate. Baba Chiriku.

MAMA: Hii namba si yako.

BABA: Ya mlinzi wa hapa uwanjani. Kaniazima. Yangu ukiiona hupokei.

MAMA: Sipokei kwa sababu nina kazi.

BABA: Tangu Jumatano?

MAMA: Jezi kumi na nne hazijishoni. Haya, habari za huko?

BABA: Huku nzuri. Nyinyi?

MAMA: Wazima.

BABA: Na yeye?

MAMA: Nimesema wazima. Na yeye yumo.

BABA: Naomba usimamishe hicho cherehani kidogo. Kinanivuma sikioni.

MAMA: Nikikisimamisha nitakusikia vizuri, na sijui kama nataka.

BABA: Mama Chiriku.

MAMA: [cherehani kinanyamaza] Haya. Sema.

BABA: Ni yale mambo ya klabu.

MAMA: Nilijua. Hujawahi kunipigia kunijulia hali.

BABA: Juzi nimepiga mara sita.

MAMA: Juzi ulipiga kugomba.

BABA: Umejuaje, na hukupokea?

MAMA: Kwa jinsi simu ilivyokuwa inaita.

BABA: [anacheka kidogo] Haya bwana.

MAMA: Usicheke. Mimi sichekeshi mtu.

BABA: Sicheki. Katibu wa ligi alikupigia na wewe, siyo? Jumatano?

MAMA: Alinipigia nampima mteja kiuno. Ananiambia, "Mama, hapa mezani nina fomu mbili za binti yako. Moja ya Radi, moja ya Nyota Njema. Ana miaka saba na anachezea klabu mbili. Kwani ana miguu minne?" Sauti yake unaijua, inasikika mpaka barabarani. Mteja akaacha kushusha pumzi. Kiuno chenyewe nilikipima vibaya, sketi imemkataa.

BABA: Mimi aliniita ofisini. Akazipanga zile picha mbili za kwenye fomu, moja huku, moja huku. Akasema, "Huyu na huyu ni mapacha?" Nikasema hapana. Akasema, "Basi nyinyi wazazi hamuongei?"

MAMA: Ukamjibu nini?

BABA: Nikamwambia tunaongea.

MAMA: Mwongo wee.

BABA: Ningemwambia nini? Picha zilikuwa zile za utepe wa njano.

MAMA: Najua. Tulizompiga siku ya kuanza shule. Zilikuwa nne.

BABA: Ukanikatia mbili siku naondoka. Nimeshika begi mlangoni, ukachukua mkasi wako wa kazi, ukakata katikati, chap, ukanipa.

MAMA: Nilikata sawa.

BABA: Sikusema hukukata sawa.

MAMA: Kazi yangu ni kukata sawa. Kitu kingine sijui. [mtandao unakwaruza] Haloo?

BABA: Nipo. Hapa chini ya jukwaa mtandao ni mbovu. Ngoja nisogee. Sasa?

MAMA: Sasa nakusikia. Hebu nikuulize, maana mimi ndiye nasemwa sisikii la mtu. Siku ile sebuleni kwa dada yako tuliambiwa nini?

BABA: Tusirudi huko.

MAMA: Turudi. Tuliambiwa nini?

BABA: Tuzungumze. Tuchague klabu moja.

MAMA: Endelea.

BABA: Ikiwa Radi, Jumamosi zote mtoto ni wangu, kwa sababu mimi kazi yangu iko hapa hapa, nachora mistari. Ikiwa Nyota Njema, Jumamosi ni zako, kwa kuwa wewe ndiye unawashonea na mechi zao huzikosi.

MAMA: Na tukishindwa kukubaliana?

BABA: Jumamosi anakaa kwake. Kwa shangazi mtu.

MAMA: Kwenye yale makochi yaliyofunikwa nailoni. Mtoto anakaa kama yuko kwa daktari wa meno.

BABA: Dada yangu ana moyo mzuri.

MAMA: Sijataja moyo. Nimetaja makochi. Sasa tuliambiwa tuzungumze, wewe ukaenda zako kimya kimya ukamwandikisha Radi.

BABA: Na wewe?

MAMA: Mimi nilikwenda baada ya kusikia umekwenda.

BABA: Mimi nilikwenda baada ya kusikia umeshamkata jezi ya Nyota Njema.

MAMA: Kukata kitambaa si kuandikisha! Nilikata kumi na nne kwa mpigo. Nani kakwambia?

BABA: Yeye mwenyewe. Alisema, "Mama ananishonea namba saba." Nikasema basi, nimepigwa chenga.

MAMA: Ungeniuliza.

BABA: Ungenijibu?

MAMA: [cherehani kinavuma kidogo]

BABA: Umeona.

MAMA: Siku nyingine zote unanilaumu nazo, eti ninazo mimi. Sikiliza basi. Nafungua saa moja asubuhi, nafunga saa moja usiku. Nikifika nyumbani, mtoto kalala na kiatu kimoja. Au kafungua daftari la hesabu, analia. Huyo ndiye mtoto wangu wa Jumatatu mpaka Ijumaa. Jumamosi ndiyo namwona akiwa macho, akicheka na kucheza. Uliitaka na hiyo.

BABA: Na mimi je? Mimi namwona Jumamosi au simwoni. Chumba nilichopanga na fundi bomba mmoja, mtoto atalala wapi? Kwenye mabomba? Sina siku nyingine mimi.

MAMA: Nani alikutuma ukapange chumba?

BABA: Tusirudi huko.

MAMA: Haya. Tusirudi.

BABA: [mtandao unakwaruza] ...na nyasi. Radi kuna nyasi, angalau. Akianguka haumii.

MAMA: Radi kuna nyasi na kuna kocha anayempigia mtoto wa miaka saba filimbi kama amemkamata mwizi. Na kila mwisho wa mwezi wanapunguza. Wanabaki kumi na mmoja, wengine wanarudi nyumbani wameinama. Miaka saba, mtu anaambiwa amepunguzwa. Amekuwa sketi?

BABA: Na kwenu kocha ni kinyozi.

MAMA: Kinyozi mwenye subira. Umeshamwona akinyoa watoto? Hakuna anayelia.

BABA: Uwanja uko nyuma ya mashine ya kusaga. Mtoto akirudi, kawa mweupe kwa unga.

MAMA: Na akitoka kwako ni mweupe kwa chokaa. Afadhali unga.

BABA: [anacheka] Sawa. Hapo umenipata.

MAMA: Huko kunipigia ni kunichekesha tu, au una jambo?

BABA: Nina jambo. Naogopa tu utalichukulia vibaya.

MAMA: Mimi pia nina jambo. Nilitaka nikuache ulijue mwenyewe kesho, lakini kwa kuwa umepiga—

BABA: Acha nianze mimi.

MAMA: Kwa nini wewe?

BABA: Kwa sababu simu ya watu. Mlinzi ananitazama.

MAMA: Haya, anza. Lakini usizunguke.

BABA: Anaongea? Chiriku?

MAMA: Umeshazunguka.

BABA: Niambie kwanza. Jumamosi iliyopita nilipomrudisha, njia nzima hakusema neno. Mtoto aliyekuwa hanyamazi hata akipiga mswaki.

MAMA: Kwangu wiki tatu hasemi. Tangu fomu hizi zianze. Nikimuuliza, "Unataka kucheza wapi?" anasema, "Popote." Mwalimu wake alinifuata mpaka dukani kuuliza kama anaumwa koo. Lakini leo anaongea.

BABA: Leo?

MAMA: Tangu asubuhi. Kaenda shule anaongea, kanifuata hapa dukani anaongea. Sasa hivi yuko kibarazani anaongea na begi. Nilikuwa nakaribia kumwambia anyamaze, nikajikumbuka.

BABA: Mungu wangu. Afadhali.

MAMA: Ndiyo. Afadhali.

BABA: Basi hata nikisema sasa moyo hautaniuma. Jumamosi ile, kabla sijaja kumchukua, nilipita nyuma ya mashine ya kusaga. Mlikuwa mazoezini. Hukuniona.

MAMA: Nilikuona. Ulijibanza nyuma ya tangi la maji, miguu yote iko nje, viatu vyeupe pee.

BABA: Ukaninyamazia?

MAMA: Ulitaka nikutangaze?

BABA: Basi. Alikuwa golini. Nilihesabu, alifungwa manne. La nne lilimpita katikati ya miguu. Na anacheka. Wewe uko pembeni na sindano mdomoni, unacheka na sindano mdomoni, nikasema huyu mwanamke atakuja kumeza sindano. Sijakuona unacheka vile tangu... muda. Nikarudi hapa nikachukua kigari changu nikachora mstari umepinda. Miaka kumi na moja sijapindisha mstari. Unanisikia?

MAMA: Nakusikia. Sema unachotaka kusema.

BABA: Nimemtoa Radi. Katibu alitupa mpaka leo Ijumaa saa kumi. Mmoja wetu aandike barua ya kumtoa, la sivyo mtoto anafungiwa msimu mzima kwa fomu mbili. Leo saa tisa nimeandika barua, nikaitumbukiza kwenye sanduku mlangoni kwake. Abaki Nyota Njema. Jumamosi ni zako. Nimeshindwa, lakini nimeshindwa kwa hiari yangu. Sema kitu basi.

MAMA: Saa ngapi umesema?

BABA: Saa tisa. Labda na dakika kumi.

MAMA: Una hakika uliitumbukiza? Hukuibakiza mfukoni?

BABA: Nimeitumbukiza. Niligonga sanduku kuhakikisha imeanguka. Kwa nini?

MAMA: Baba Chiriku.

BABA: Niambie.

MAMA: Mimi yangu niliitumbukiza saa nne asubuhi.

BABA: Yako ipi?

MAMA: Ya kumtoa Nyota Njema. Nilifunga duka nusu saa, nikaja hapo ofisini. Ulikuwa upande wa pili wa uwanja unachanganya chokaa. Nilikupita.

BABA: Unatania.

MAMA: Natania na nini?

BABA: Ulinipita ukaninyamazia?

MAMA: Kama nilivyokunyamazia kwenye tangi. Kama wewe ulivyoninyamazia leo mpaka saa kumi na nusu. Ungepiga saa tisa kasorobo—

BABA: Ungepokea?

MAMA: Namba ya mlinzi ningepokea. Hii si nimepokea?

BABA: Nilitaka iwe imeshakwisha ndiyo nikwambie. Usije ukaniambia nafanya maonyesho.

MAMA: Na mimi hivyo hivyo.

BABA: Ngoja. Ngoja kwanza. Tusitie hofu bure. Katibu ameona barua mbili za mtoto mmoja. Ni mtu mzima. Atakuwa ameiweka moja pembeni.

MAMA: Nenda kaangalie.

BABA: Nakwenda. Niko karibu. [hatua, filimbi kwa mbali] Mlango umefungwa. Pikipiki yake haipo.

MAMA: Orodha? Alisema atabandika orodha.

BABA: Imebandikwa ukutani. Gundi bado mbichi.

MAMA: Soma.

BABA: Nasoma. Radi, chini ya miaka minane... kumi na wanne. Hayumo.

MAMA: Hayumo kwa sababu umemtoa. Soma Nyota Njema.

BABA: Nasoma taratibu, mwandiko wake ni wa kuku. Huyu mtoto wa fundi viatu. Huyu pacha, huyu pacha mwenzake. Kumi na moja, kumi na mbili, kumi na tatu.

MAMA: Kumi na nne?

BABA: Inaishia kumi na tatu.

MAMA: Soma tena.

BABA: Nimesoma mara mbili, Mama Chiriku.

MAMA: Jezi ni kumi na nne. Nimeshona kumi na nne.

BABA: Kuna karatasi nyingine chini. "Waliojitoa."

MAMA: Kuna nini?

BABA: Yuko peke yake.

MAMA: Ndiyo, lakini kuna nini? Ameandika nini?

BABA: Hakuandika sana. Amebandika picha. Zote mbili, ya kwako na ya kwangu, moja pembeni ya mwenzake. Tepe mbili za njano. Umekata sawa kweli, hata hazionekani zilikuwa zimeachana.

MAMA: [anapenga kamasi]

BABA: Usilie.

MAMA: Silii. Mpigie. Namba ya katibu unayo, mpigie kwa simu yako. Mimi nasubiri hapa hapa, usikate.

BABA: Ngoja. [mlio wa simu nyingine] Inaita. Inaita... Haloo, katibu? Samahani kwa usumbufu. Ndiyo, ni mimi, wa chokaa. Ndiyo, nimeiona. Ni kwamba, katibu, mimi na mwenzangu tumepishana kidogo... Ndiyo. Barua mbili, ndiyo. Hatukujua. Hapana, hakuna mtu aliyetulazimisha. Naomba uirudishe moja. Yoyote, yoyote ile utakayoishika kwanza... Naelewa. Katibu, ana miaka saba. Ndiyo. Ndiyo, naelewa. Mpaka daftari la usajili lifunguliwe tena? Mwakani? Naelewa. Asante. Hapana, asante. Na wewe pia.

MAMA: Amesema nini?

BABA: Umesikia.

MAMA: Nimesikia upande wako tu.

BABA: Orodha ikishabandikwa imebandikwa. Wengine wameshaanza kuipiga picha. Aliyejitoa harudi mpaka daftari lifunguliwe mwakani. Akimrudisha huyu atarudisha na yule.

MAMA: Na aliona barua mbili. Hakushangaa?

BABA: Anasema alishangaa. Akadhani kwa mara ya kwanza tumekubaliana. Anasema alisikia furaha kidogo. Akasema hawa wameamua mtoto apumzike.

MAMA: Mwanamume mzima na miwani yake.

BABA: Alitupa siku tatu, anasema. Siku tatu za kuzungumza.

MAMA: Kuzungumza tulikuwa na miaka tisa ya ndoa.

BABA: [mtandao unakwaruza] Nini? Sijakusikia.

MAMA: Si kitu.

BABA: Niambie kitu kimoja. Kwa nini ulimtoa? Wewe uliyesema ukiniachia Jumamosi utakuwa umekufa?

MAMA: Jumamosi ya wiki mbili zilizopita nilikuja huko. Nilisimama nje ya uzio, mtandio kichwani kama mwizi wa kuku. Ulikuwa unasukuma kigari, naye yuko nyuma yako anakanyaga pembeni ya mstari, hataki kuukanyaga, anaongea. Anakuuliza chokaa inatoka wapi, mstari unalala wapi mvua ikinyesha. Kwangu alikuwa bubu. Nikasimama pale nikasema, basi. Kama dawa yake ni huyu mtu na kigari chake, nani mimi.

BABA: Alikuwa anasema habari zako. Muda wote. Mama anashona hivi, mama anasema hivi.

MAMA: Ungeniambia.

BABA: Sikujua unataka kujua.

MAMA: Na si hilo tu, nikuambie ukweli. Nilitaka uone aibu. Nilitaka kesho ufike mlangoni kwangu umechukua Jumamosi, halafu ujue nimekupa mimi. Nimeshika ile barua natabasamu. Nikawaza uso wako utakavyokuwa.

BABA: Mimi nilitaka useme asante.

MAMA: Asante ya nini?

BABA: Yoyote. Muda mrefu hujaniambia asante. Nilifikiri nikipiga nikwambie, utanyamaza kidogo, halafu utasema, "Asante, Baba Chiriku." Nimeifanyia mazoezi hapa peke yangu, pamoja na jibu langu.

MAMA: Ulikuwa ujibu nini?

BABA: "Si kitu."

MAMA: Sisi watu gani, lakini? Tukigombana tunafanya kitu kimoja. Tukitaka kutenda wema tunafanya kitu kile kile. Mtoto anabaki katikati hana pa kushika.

BABA: Dada tumwambie nini?

MAMA: Ukweli. Alisema tukishindwa, Jumamosi ni kwake. Tumeshindwa.

BABA: Tungeweza kunyamaza.

MAMA: Kunyamaza tumenyamaza vya kutosha. Nitampigia mimi. Atakuja kumchukua kesho saa moja, unamjua, saa moja kasoro yuko mlangoni. Mpaka mwakani.

BABA: Mama Chiriku, kwani lazima mpira? Kesho tungeweza kumchukua wote wawili. Mimi na wewe. Tukatembea naye tu.

MAMA: Twende wapi?

BABA: Popote.

MAMA: Tuongee nini?

BABA: Habari za... za...

MAMA: Unaona? Mara ya mwisho tulitembea naye, alishika mkono huu na huu, akawa anatupelekea maneno. "Baba, mama anauliza kama umekula." Na mimi niko hapo hapo. Sitaki kumfanya tarishi tena.

BABA: Nimechoka, mwenzangu.

MAMA: Na mimi nimechoka.

BABA: Jezi yake umeifanyaje? Ile namba saba?

MAMA: Nimeipunguza kifua mchana huu, nikampa mdogo wa wale mapacha, alikuwa hana saizi. Nikasema haina kazi tena, mwenyewe anakwenda Radi.

BABA: Wewe... ulimwambia? Chiriku? Ulimwambia anachezea Radi?

MAMA: Nimemwambia asubuhi, namfunga viatu. "Kesho unakwenda kwa baba yako. Mimi na baba tumepatana, utachezea Radi." Kwa nini unafikiri leo anaongea? Haloo?

BABA: Nipo.

MAMA: Aliniuliza mara mbili, "Mmepatana nyinyi wenyewe? Mliongea?" Nikasema tumeongea. Hakuuliza habari za mpira hata kidogo.

BABA: Mwambie wewe. Wewe unajua kumwambia.

MAMA: Mwambie wewe. Wewe ndiye anayekungoja.

BABA: Sina mdomo wa kumwambia.

MAMA: Na mimi huu wangu umeshasema uongo leo. [mlio mfupi] Nini hicho?

BABA: Salio. La mlinzi. Linakwisha.

MAMA: Ngoja, usi— amekuja. Amesimama mlangoni. Bado ana begi mgongoni, hajalivua tangu atoke shule. Kavaa na soksi za mpira, kazipandisha mpaka magotini. Ngoja, mwanangu, naongea na mtu.

BABA: Anasema nini?

MAMA: Anauliza ni nani.

BABA: Mwambie ni mlinzi.

MAMA: Anasema kama ni wewe, nikuulize kesho utamfuata saa ngapi. Anasubiri, Baba Chiriku. Ananitazama mdomo.

BABA: Mwambie... mwambie saa mbili.

MAMA: Shangazi yake anafika saa moja.

BABA: Najua.

MAMA: Na hiyo saa mbili ya kwenda wapi?

BABA: Sijui. Nimesema tu. Mama Chiriku, sikiliza, mimi— [mlio, mtandao unakwaruza] —ningependa—

MAMA: Ungependa nini? Haloo? Sema, bado nakusikia. Haloo? [mlio mrefu] Haloo.

MAMA: Hapana, mwanangu. Imekatika. Hakuwa baba, ni yule mlinzi wa uwanjani. Alikuwa anaulizia jezi zake. Njoo. Njoo nikuvue begi.